Mshipa Umefunguka, Mgonjwa Je?

Upande mmoja walifariki watu 145, upande wa pili 144. Hayo ni matokeo ya ISCHEMIA, utafiti uliotangazwa Novemba 2019 huko Philadelphia na kuchapishwa mwaka uliofuata, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 5,179 katika nchi 37. Wote walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia, na vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba sehemu ya misuli ya moyo wao hukosa damu ya kutosha wanapojitahidi. Kura ikawagawa. Nusu walipelekwa mapema kwenye chumba cha katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa hadi moyoni, wakapigwa picha ya mishipa, na wengi wao wakawekewa stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wazi, au wakafanyiwa upasuaji wa baipasi, wa kuipitisha damu kando ya mahali palipoziba. Nusu nyingine walipewa dawa na kusaidiwa kubadili mwenendo wa maisha, stenti ikiwa akiba kwa atakayezidiwa. Baada ya miaka mitatu na ushei, idadi ya vifo ilitofautiana kwa mtu mmoja.

Mimi nauona utafiti huu kama kipimo cha namna tunavyofikiri kuhusu tiba ya moyo kwa jumla. Kurekebisha kile daktari anachokiona kwenye skrini ni jambo moja, kumfanya mgonjwa aishi zaidi au aishi vizuri zaidi ni jambo jingine, na kwa miaka mingi tumeyachanganya. Tena, ukizipitia tafiti za karibuni kwa utulivu, utakuta baadhi ya faida kubwa kabisa zimetoka mahali ambapo hapapigwi picha za magazeti: dawa za siku nyingi, zikitolewa kwa dozi kamili, na mtu wa kumfuatilia mgonjwa baada ya kutoka wodini.

Tuanze na stenti, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kuliko vyote. Tumezoea kuelezwa kwamba mshipa wa moyo ni bomba la maji: limeziba, fundi analizibua, maji yanapita. Maelezo hayo yanaeleweka haraka, na ndiyo maana yamedumu. Lakini ugonjwa wenyewe haukai sehemu moja. Mafuta hujikusanya ndani ya kuta za mishipa mahali pengi kwa wakati mmoja, na mshtuko wa moyo mara nyingi huanzia kwenye uvimbe ambao haukuwa umebana njia sana. Utando wake unapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba ghafla. Stenti inashughulikia kile kipande kilichoonekana kwenye picha. Statini (dawa za kushusha mafuta kwenye damu), aspirini, dawa za presha na kuacha sigara vinafanya kazi kwenye mishipa yote, hata pale ambapo picha haikuonyesha kitu.

Nisieleweke vibaya. Mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo saa hii, mshipa ukiwa umeziba kabisa, anahitaji kuzibuliwa, na kila dakika inayopotea ni misuli inayokufa. Hilo halina ubishi. Pia ISCHEMIA haikuwahusisha watu waliobanwa sana kwenye mshipa mkuu wa kushoto, wala wenye moyo dhaifu sana, wala wale ambao maumivu yao hayakuvumilika licha ya dawa. Ninayemzungumzia ni mgonjwa mwingine, na wako wengi: yule anayebanwa na kifua akipanda ngazi, akapimwa, akaambiwa ana mshipa uliosinyaa, naye akaondoka akiamini kwamba asipowekewa stenti wiki hii atakufa. Imani hiyo haina msingi katika ushahidi tulio nao. COURAGE, utafiti wa wagonjwa 2,287, ulikwishasema hivyo mwaka 2007, miaka 30 baada ya Andreas Grüntzig kupanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza huko Zürich. Ulipingwa kwa hoja kwamba wagonjwa wake hawakuwa wagonjwa vya kutosha. ISCHEMIA ilikusudia kuijibu hoja hiyo.

Basi stenti inamfaa nini mgonjwa huyu? Kama haiongezi miaka, pengine inaondoa maumivu. Hapa ndipo kuna kazi ninayoiheshimu kuliko nyingine zote katika fani hii. Maumivu husimuliwa na mgonjwa, na mgonjwa anayejua kwamba amezibuliwa ana kila sababu ya kujisikia nafuu. Jambo hili lilijulikana tangu zamani. Katika miaka ya 1950 madaktari walikuwa wakifunga ateri ya ndani ya kifua wakiamini kwamba damu itaelekea moyoni, na wagonjwa wengi walisema wamepona. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake huko Seattle walichapisha jaribio la watu 17: wengine walifungwa ateri, wengine walichanjwa ngozi tu. Nafuu ilikuwa ile ile kwa wote. Upasuaji ule ukaachwa.

Ilichukua takribani miongo sita kwa mtu kuthubutu kufanya hivyo kwa stenti. Rasha Al-Lamee na timu ya Imperial College London waliwachukua wagonjwa 200 wenye mshipa mmoja uliobana sana, wakawaongezea dawa kwa wiki sita, kisha wakawaingiza wote kwenye chumba cha katheta wakiwa wamepewa dawa ya usingizi na kuvikwa spika za masikioni zenye muziki. Baadhi waliwekewa stenti, wengine hawakuwekewa chochote, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa yuko upande gani. Baada ya wiki sita nyingine walipimwa kwenye mashine ya kutembea. Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa sekunde 16.6, na kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati. Huo ndio ORBITA wa mwaka 2017, na kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wapo waliosema ni ukatili kumlaza mtu mezani bila kumtibu. Mimi naona ukatili ungekuwa kuendelea kuwawekea watu chuma mwilini, mwaka baada ya mwaka, bila kujua sehemu gani ya nafuu inatokana na chuma na sehemu gani inatokana na matumaini.

Timu hiyo haikuishia pale, na hilo ndilo linaloonyesha uadilifu wao. Mwaka 2023 walitoa ORBITA-2: wagonjwa 301, safari hii wakiwa wameachishwa dawa za maumivu ya kifua. Katika hali hiyo stenti ilishinda waziwazi. Watu wapatao wanne kati ya kumi waliowekewa stenti hawakuwa na maumivu tena, na upande wa pili waliofikia hapo walikuwa wachache zaidi. Ukizisoma tafiti hizi mbili pamoja unapata jibu ambalo mgonjwa anaweza kulitumia. Stenti ni tiba ya maumivu, tena tiba ya kweli, kwa mtu ambaye dawa hazimtoshi au asiyezitaka. Lakini asiambiwe kwamba inamnunulia miaka. Mgonjwa akiambiwa hivyo kwa uwazi, uamuzi unakuwa wake, na ninaamini wengi wangejaribu dawa kwanza.

Sasa kuna upande wa pili wa shilingi, kwani kasoro hii si ya vifaa peke yake. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa CAST, ambao ningependa kila mwanafunzi wa udaktari auhifadhi kichwani. Baada ya mshtuko wa moyo watu wengi hupata mapigo ya ziada, na waliokuwa nayo walijulikana kuwa hatarini zaidi. Zilikuwepo dawa zilizoyafuta vizuri mno. Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilitoka safi. Kwenye kundi la waliopewa dawa hizo, encainide au flecainide, walifariki 63 kati ya 755. Kwenye kundi la dawa bandia, yaani vidonge visivyo na dawa ndani vilivyotolewa kwa ajili ya kulinganisha, 26 kati ya 743. Dawa ilisafisha karatasi ikaua watu, na bila kundi la kulinganisha hakuna daktari ambaye angegundua, kwa sababu mgonjwa wa moyo akifa ghafla lawama inakwenda kwa moyo wake.

Ndiyo maana nafurahi kuona watafiti wanarudi kuhoji hata vitu tulivyovitoa kwa mazoea. Beta-bloka, dawa zinazopunguza kasi na mzigo wa moyo, ni mfano mzuri. Ushahidi wake baada ya mshtuko wa moyo ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya statini na kabla ya kuzibua mshipa kuwa jambo la kawaida. Mgonjwa wa leo ni mtu tofauti: amezibuliwa ndani ya saa chache, na moyo wake mara nyingi unabaki na nguvu zake. Je, bado anaihitaji dawa hiyo maisha yake yote? REDUCE-AMI, utafiti wa mwaka 2024 wenye wagonjwa 5,020 ambao mioyo yao ilisukuma damu vizuri, ulikuta vifo na mishtuko mipya kwa asilimia 7.9 ya waliopewa dawa na asilimia 8.3 ya wasiopewa. Tofauti hiyo haina uzito. Kisha Agosti 2025, kwenye mkutano mmoja huko Madrid, zikaja tafiti mbili zilizovutana. REBOOT ya Hispania na Italia, yenye wagonjwa 8,505, haikuona faida. BETAMI-DANBLOCK ya Norway na Denmark, yenye wagonjwa 5,574, iliona faida ndogo: waliofariki au kupata tukio kubwa la moyo na mishipa walikuwa asilimia 14.2 kwa waliopewa dawa dhidi ya 16.3 kwa wasiopewa, hasa kwa kupunguza mishtuko mipya.

Msomaji anaweza kukata tamaa hapa na kusema hawa wataalamu hawajui wanachotaka. Mimi nasoma kinyume chake. Moyo uliobaki na nguvu kamili unaonekana kutofaidika sana. Ule uliopungua nguvu kidogo unaonekana kufaidika. Uliodhoofika, faida yake ilikwishathibitishwa kitambo na haijabadilika. Na kuacha dawa kwa mtu aliyekwisha kuizoea ni swali la peke yake: ABYSS ya Ufaransa ilipowaachisha wagonjwa waliotulia, matukio (kifo, mshtuko, kiharusi au kulazwa kwa ajili ya moyo na mishipa) yalifikia asilimia 23.8 ikilinganishwa na 21.1 kwa walioendelea, nyingi zikiwa safari za kulazwa hospitali. Kwa hiyo mwenye kopo la vidonge mkononi asilitupe kwa sababu ya makala ya gazetini, hii ikiwemo. Apeleke swali kwa daktari wake.

Kuna mahali ambapo mashine kubwa imeshinda kwa haki, na sitaki kupita bila kulisema. Moyo unapoanguka ghafla baada ya mshtuko, damu haifiki kwenye viungo, na karibu nusu ya wagonjwa hao hufa. Kwa miaka mingi waliwekewa puto la kusaidia mzunguko wa damu, jambo lililoonekana la busara kabisa, mpaka Wajerumani walipolipima kwa watu 600 mwaka 2012 wakakuta vifo vya siku 30 ni asilimia 39.7 kwa wenye puto na 41.3 kwa wasio nalo. Puto halikusaidia. Pampu ndogo inayopitishwa hadi ndani ya moyo ndiyo iliyosaidia. DanGer Shock, utafiti uliotolewa mwaka 2024, ulishusha vifo vya siku 180 kutoka asilimia 58.5 hadi 45.8 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Bei yake nayo iliandikwa bila kufichwa: madhara makubwa, kama kutokwa na damu nyingi na mguu kukosa damu, yalifikia asilimia 24.0 dhidi ya 6.2. Hivyo ndivyo kifaa kinavyopaswa kuingia hospitalini, kikiwa kimebeba hesabu zake zote mbili.

Kuhusu hesabu, neno moja la haraka. Ukisikia dawa imepunguza hatari kwa asilimia 20, uliza asilimia 20 ya ngapi. Semaglutide, sindano inayojulikana kwa kupunguza uzito, ilipewa sifa hiyo mwaka 2023 na utafiti wa SELECT wenye watu 17,604. Waliopata mshtuko, kiharusi au kifo cha moyo na mishipa walikuwa asilimia 8.0 upande wa dawa bandia na 6.5 upande wa dawa, katika muda wa miaka mitatu na ushei. Ni watu 15 kati ya 1,000. Faida hiyo ni ya kweli na siidharau, ila inasikika tofauti na ile asilimia 20.

Linaloniuma zaidi ni nani anayepimwa. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilizipiku zile za zamani kama warfarini kwa watu wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, lakini tafiti zile ziliwaacha nje wenye vali (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyosinyaa kutokana na homa ya rumatiki. Ugonjwa huo huanza na maambukizi ya koo ya utotoni na huharibu vali polepole, na leo unawapata hasa watu wa nchi maskini. Ilionekana dhahiri kwamba nao watafaidika: dawa mpya haihitaji kupimwa damu kila mwezi. INVICTUS ikawapima kweli, wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake, wastani wa umri ukiwa karibu miaka 50. Matokeo ya mwaka 2022 yaliwashtua wengi. Waliopata kiharusi, mshtuko au kifo walikuwa 560 kati ya 2,275 waliotumia rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya, na 446 kati ya 2,256 waliotumia dawa za zamani. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye vifo, na kutokwa na damu hakukuongezeka kwa kiasi cha maana upande wa dawa za zamani.

Sababu haijakamilika kuelezwa. Moja iliyotajwa na wataalamu ni hii: mwenye warfarini alilazimika kurudi kila mwezi kupimwa damu. Alionwa. Mguu ukivimba, pumzi ikikatika, kuna mtu aliyeona. Ni dhana, haijathibitishwa, lakini mimi naiona nzito kwa sababu kuna utafiti mwingine wa mwaka huo huo unaoelekea upande ule ule.

Unaitwa STRONG-HF. Watu 1,078 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, katika hospitali 87 za nchi 14, Msumbiji na Nigeria zikiwemo. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Kundi la kwanza liliruhusiwa kwenda nyumbani kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili lilipandishiwa dozi za dawa zinazojulikana hadi kiwango kamili ndani ya wiki mbili, na likarudi kliniki wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita, kila mara likipimwa presha, mapigo, figo na dalili za maji kujaa mwilini. Ndani ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 23.3 ya kundi la kawaida na asilimia 15.2 ya kundi la kufuatiliwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa kuendelea kuwanyima wenzao huduma hiyo kusingekuwa haki.

Linganisha tofauti hiyo ya asilimia 8 na faida zote za kuepusha kifo au tukio la moyo nilizozitaja, ukitoa pampu ya DanGer Shock. Kisha tazama takwimu nyingine ya utafiti huo, ambayo kwangu ndiyo inayotia uchungu zaidi: kufikia siku ya 90, waliokuwa kwenye dozi kamili ya beta-bloka walikuwa asilimia 49 katika kundi la kufuatiliwa, na asilimia 4 katika kundi la kawaida. Asilimia 4! Dawa zipo, zimeandikwa, mgonjwa anazimeza, lakini kwa kiwango kisichotimia, miezi mitatu baada ya kutoka wodini, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kumpandishia. Sijui tiba gani nyingine ya moyo ambayo tungekubali itolewe kwa sehemu tu ya dozi na kuiita huduma ya kawaida.

Hata kufika kwenye sehemu hiyo ya dozi ni bahati kwa wengi. Utafiti wa PURE uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, asilimia 80 ya watu waliokwisha kuugua moyo au kiharusi hawakuwa wakitumia hata mojawapo ya dawa zilizothibitishwa. Kwa hali hiyo, kidonge kimoja chenye aspirini, ramipril (dawa ya presha) na atorvastatin (statini) kilichopimwa na SECURE mwaka 2022 kina thamani kuliko kinavyosikika. Kiliwapunguzia waliokwisha kupata mshtuko wa moyo matukio makubwa kutoka asilimia 12.7 hadi 9.5, ingawa kundi la kulinganisha nalo lilikuwa likipata matibabu ya kawaida. Walichopata zaidi kilikuwa urahisi wa kutosahau. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaviingiza vidonge vya aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Sisemi tuache kununua mitambo. Chumba cha katheta kinaokoa mwenye mshtuko, na kila nchi inakihitaji. Ninachodai ni kwamba hospitali inapopanga bajeti ya chumba hicho, iweke kwenye karatasi hiyo hiyo mshahara wa muuguzi wa kliniki ya moyo, simu ya kuwatafuta wasiorudi, na dawa za kumtosha mgonjwa hadi tarehe yake ya kurudi, tarehe ambayo iandikwe kabla hajatoka kitandani na isizidi wiki moja. Na matokeo yapimwe kwa kipimo cha STRONG-HF: kati ya walioruhusiwa mwezi huu, wangapi baada ya siku 180 wako hai na hawajalazwa tena. Hospitali inayotangaza idadi ya stenti ilizoweka mwaka huu itangaze na namba hiyo.